Kibali cha kusoma Ujerumani na haki ya kufanya kazi: mwongozo kamili kwa anayetoka Afrika Mashariki

Wengi wanaokwama kwenye safari ya masomo Ujerumani hawakwamishwi na matokeo ya darasani. Wanakwama kwenye mpangilio. Pesa imetumwa ikafika pungufu kwa yuro ishirini. Jina la kwenye pasipoti halifanani na la kwenye cheti. Mtu amefika Leipzig, ameiangalia stika ya viza, akadhani shughuli imeisha. Na wapo wanaopata kila kitu, kisha wanakiharibu kwa kufanya kazi ambayo kibali chao hakiiruhusu.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: viza unayopewa Dar es Salaam au Nairobi si kibali cha kusoma. Inakuruhusu kuingia na kuanza tu. Kibali chenyewe, kinachotolewa chini ya kifungu cha 16b cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, unakiomba ukiwa kule, kwenye mji unaoishi, kwa ofisi nyingine kabisa, si ubalozi.

Mwongozo huu unaanzia pale ulipokwisha kupata barua ya chuo. Viwango vya pesa ni vya mwanzoni mwa 2026. Siku unayotuma pesa, hakiki tena kiwango kwenye tovuti ya ubalozi, maana hicho ndicho hubadilika.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Pasipoti yenye muda wa kutosha na kurasa tupu.
- Barua ya kukubaliwa na chuo (Zulassungsbescheid).
- Vyeti vya sekondari, na kwa anayekwenda kusoma shahada ya uzamili, cheti cha shahada ya kwanza pamoja na transkripti.
- Cheti cha lugha ya masomo: Kiingereza au Kijerumani, kadiri chuo kilivyotaka.
- Ushahidi wa pesa za kujikimu mwaka mzima.
- Bima ya afya ya siku za mwanzo.
- Wasifu na barua ya nia.
- Picha za pasipoti za vipimo vya kibayometriki.
- Fedha za pembeni: ada ya viza yuro 75, nauli, amana ya chumba, chakula cha mwezi wa kwanza, na yuro 100 za kadi ya ukaazi utakapofika.

Andaa seti mbili za kopi, na skani safi ya kila karatasi. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole imerudisha maombi ya watu nyuma kwa wiki nzima.

## Hatua ya 1: Linganisha majina kabla ya kulipa chochote

Kwetu huku mtu mmoja anaweza kuwa Ally kwenye cheti cha kidato cha nne, Ali kwenye cheti cha kuzaliwa, na Khamis Ali kwenye pasipoti ilhali chuoni ni Hamisi. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Kwa ofisa wa viza hao ni watu wanne, na kazi ya kuthibitisha kwamba ni mmoja ni yako.

Tandaza karatasi zote mezani. Andika kwenye daftari jina lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi hutatuliwa kwa hati ya kiapo iliyopigwa muhuri na wakili. Jina likiwa tofauti kabisa, fuata utaratibu rasmi wa kubadili jina kwanza, halafu ndipo uombe pasipoti mpya.

Sababu ya kuanza na hili ni kwamba jina la kwenye pasipoti ndilo litakaloingia kwenye akaunti ya pesa, bima, barua ya chuo na viza. Ukilirekebisha katikati ya safari, vyote hivyo unavirudia.

Umefaulu hatua hii mtu asiyekufahamu akizisoma karatasi zako zote bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Pesa. Hapa ndipo wengi wanapoangukia

Ujerumani haitaki kuona kwamba baba ana pesa. Inataka kuona kwamba pesa ipo kwa ajili yako na hakuna wa kuichomoa. Kwa hiyo taarifa ya benki ya mzazi, hata iwe na mamilioni ya shilingi, peke yake haitoshi.

Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, inayoitwa Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiasi ni yuro 11,904 kwa mwaka, sawa na yuro 992 kwa mwezi. Unaweka zote kabla ya kusafiri, kisha ukifika unapewa 992 kila mwezi, si zaidi. Watoa huduma wanaojulikana ni pamoja na Fintiba, Expatrio na Coracle. Akaunti inafunguliwa mtandaoni kwa pasipoti na barua ya chuo.

Sasa utumaji. Swali linalojirudia ni hili: "Kaka, nimetuma zote, mbona wanasema haijatimia?" Jibu karibu kila mara ni makato ya njiani. Pesa ikitoka benki ya Dar au Mombasa hupita benki ya kati kabla ya kufika, na kila inapopita kuna anayekata. Akaunti ikiwa na yuro 11,881, cheti cha uthibitisho hakitoki, na bila hicho cheti ubalozi hauna la kuangalia.

Fanya hivi:

1. Kwenye fomu ya kutuma pesa nje utakuta chaguo tatu za makato: OUR, SHA na BEN. Chagua OUR, maana yake makato yote yanabebwa na mtumaji.
2. Tuma kwa yuro, usitume kwa dola. Dola itabadilishwa kule kwa kiwango usichokichagua.
3. Ongeza kidogo juu ya kiasi kinachotakiwa, pamoja na ada ya mtoa huduma. Kwa kawaida ziada haipotei. Unarudishiwa baada ya kufika.
4. Andika namba ya kumbukumbu uliyopewa kama ilivyo. Ukikosea tarakimu moja, pesa inakaa bila mwenyewe.

Kama pesa ni michango ya ukoo, usiruhusu kila mjomba atume kivyake. Kusanyeni kwenye akaunti moja, mtume mara moja. Mtoa huduma anaweza kuuliza pesa imetoka wapi, na kueleza chanzo kimoja ni rahisi kuliko kueleza vyanzo tisa. Pesa ikitokana na kuuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo tayari.

Kuna njia nyingine mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni ufadhili wa masomo, mfano wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi), unaoonyesha kiasi cha kila mwezi. Anayefadhiliwa kwa fedha za umma za Ujerumani huwa halipi hata ada ya viza. Ya pili ni mtu anayeishi Ujerumani kukuwekea dhamana rasmi, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Ada ni yuro 29, lakini uzito wake ni mkubwa: dhamana hiyo inaweza kumbana kwa miaka mitano, na ofisi hupima mshahara wake kwanza. Ukimwomba shangazi aliyeko Hamburg, mweleze hilo waziwazi. Usimwambie ni "karatasi tu ya kusaini".

Onyo moja: usiandike popote kwamba utajilipia kwa kufanya kazi ukifika. Kazi ambayo hujaipata haihesabiwi kuwa pesa, na sentensi hiyo inamfanya ofisa ajiulize unakwenda kusoma au kutafuta.

## Hatua ya 3: Bima

Bima zipo mbili. Ya kwanza ni ya safari, inayokulinda tangu unapotua mpaka unapojiandikisha chuoni. Ya pili ni bima ya afya ya wanafunzi, ambayo bila hiyo chuo hakikuandikishi. Kampuni za bima ya umma ni kama TK, AOK na Barmer. Bei ya mwanafunzi huzidi kidogo yuro 140 kwa mwezi. Unaweza kuanza taratibu ukiwa bado nyumbani, na kampuni yenyewe hukitumia chuo taarifa kwa mfumo wa kielektroniki.

Bei hiyo ya wanafunzi hukoma ukifika miaka 30. Wanaokwenda kusoma uzamili baada ya kufanya kazi miaka kadhaa ndio hukutana na ukuta huu, kwa hiyo waulize mapema.

Na usikubali haraka bima binafsi ya bei chee. Ukishaomba kusamehewa bima ya umma mwanzoni mwa masomo, hurudi tena kwenye bei hiyo kwa muda wote wa masomo hayo.

## Hatua ya 4: Barua ya nia

Ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu unatosha. Ijibu maswali manne: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, inaunganaje na ulichosoma au ulichofanya, na baadaye unataka kufanya nini.

Barua zinazoangusha watu zinafanana: zinaisifia Ujerumani kwa aya tatu, uchumi mkubwa, teknolojia, magari, halafu kozi inatajwa kwa jina tu. Geuza uwiano huo. Fungua mpangilio wa masomo wa kozi yako, chagua somo moja au mawili, na eleza ulipokutana nalo. Mtu aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwenye mamlaka ya maji na anakwenda kusoma uhandisi wa mazingira ana hadithi tayari, aiseme hiyo.

Kuhusu mipango ya baadaye, sema kweli. Ujerumani haikatazi mhitimu kubaki. Sheria yake yenyewe inampa muda wa kutafuta ajira. Hakuna haja ya kuapa kwamba utarudi wiki ya mahafali. Ila kusoma ndiko kuwe kiini cha barua, kazi ije mwishoni kama matokeo.

Isome kwa sauti hadi uweze kuieleza bila karatasi. Dirishani unaweza kuulizwa, na anayejikwaa kwenye barua aliyoandikiwa na wakala hujulikana ndani ya dakika mbili.

## Hatua ya 5: Maombi ya viza

Tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu yanaweza kufanywa mtandaoni kupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kwenye balozi zao zote zinazotoa viza. Unajaza fomu, unapakia karatasi, wanakagua, wanakuambia kilichopungua, kisha unaitwa kwenye miadi ya alama za vidole na kuonyesha karatasi halisi.

Chagua viza ya masomo yenye barua ya kukubaliwa, si viza ya utalii kwa nia ya kuibadilisha ukifika. Hiyo njia kwa pasipoti zetu haipo. Utaambiwa urudi nyumbani uanze upya.

Jipe miezi mitatu kabla ya masomo kuanza. Muhula wa baridi kwenye vyuo vikuu huanza Oktoba, na kuanzia Julai foleni hujaa watu wenye barua kama yako. Ukiona muda unakubana, andikia chuo uulize siku ya mwisho ya kujiandikisha na kama unaweza kuahirisha.

Ukinyimwa: zamani uliweza kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi bila gharama. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin. Kwa wengi, kuomba upya ni nafuu na haraka zaidi, ila isiwe karatasi zilezile. Soma sababu ya kunyimwa mstari kwa mstari na ujibu hiyo.

Stika ikibandikwa, isome palepale kabla hujatoka mlangoni: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na maelezo madogo chini yake kuhusu masomo na kazi. Kosa la tarehe linarekebishwa pale kwa urahisi kuliko uwanja wa ndege wa Frankfurt.

## Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza, anwani na sanduku la barua

Ukishahamia kwenye chumba, sheria inakupa wiki mbili kusajili anwani yako kwenye ofisi ya wakazi. Unahitaji pasipoti, fomu, na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia (Wohnungsgeberbestätigung). Mkataba wa pango peke yake hautoshi.

Kwa hiyo unapotafuta chumba, swali la kwanza, kabla hata ya bei, liwe: "Nitapata barua ya kusajili anwani?" Chumba cha bei poa kisicho na barua hiyo kinakufungia benki, namba ya kodi ya mapato na kibali. Amana kisheria haizidi kodi ya pango ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Na yule anayesema yuko nje ya nchi, tuma amana, funguo zitakuja kwa posta, ni tapeli. Hakuna funguo.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayeliambia mgeni. Ujerumani mambo mazito bado yanakuja kwa barua ya karatasi, na mleta barua husoma jina kwenye sanduku, haulizi chumba namba ngapi. Jina lako lisipokuwepo kwenye sanduku na kwenye kengele, barua inarudi ilikotoka. Namba ya kodi, kadi ya bima, PIN ya benki, barua ya miadi: vyote hurudi kimyakimya huku wewe ukisubiri na kulalamika kwamba ofisi ni wazembe. Siku unayohamia, andika jina lako kwenye kipande cha karatasi, libandike kwa selotepu kwenye sanduku. Kama umepanga chumba kwa mtu, jina lako liwe chini ya lake, herufi kubwa, kama lilivyo kwenye pasipoti.

Umefaulu ukiwa na karatasi ya uthibitisho wa usajili mkononi, na baada ya wiki chache namba ya kodi ya tarakimu 11 ikaja yenyewe kwa posta.

## Hatua ya 7: Chuo na benki

Lipa mchango wa muhula, ambao kwenye vyuo vingi vya umma huwa kati ya yuro 100 na 350 hivi na mara nyingi hujumuisha tiketi ya usafiri. Huo si ada ya masomo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kina ada yake kwa wanafunzi wapya wa nje. Kama hukulijua hili, bajeti yako ya yuro 992 kwa mwezi imeshatoboka.

Chukua cheti cha uandikishaji. Fungua akaunti ya kawaida ya benki, peleka namba yake kwa mtoa huduma wa akaunti iliyofungwa, nao waanze kukulipa. Haya huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana fedha za pembeni nimezitaja juu kule.

## Hatua ya 8: Omba kibali chenyewe kabla viza haijaisha

Viza yako ina tarehe ya mwisho, mara nyingi miezi mitatu hadi sita mbele, wakati mwingine mwaka. Kabla ya tarehe hiyo lazima maombi ya kibali cha ukaazi yawe yameingia kwenye ofisi ya wageni, Ausländerbehörde.

Miji mikubwa miadi hupatikana kwa taabu, na hapa watu hufanya kosa la kusubiri miadi. Usisubiri. Kinachokulinda ni maombi yaliyoingia kwa wakati, hata kama miadi ni ya miezi miwili baadaye. Tuma kwa fomu ya mtandaoni ya mji wako au kwa barua pepe, ambatanisha karatasi zote, na utunze uthibitisho wa tarehe: jibu la moja kwa moja la mfumo, picha ya skrini, chochote chenye saa na siku.

Karatasi zinazotakiwa ni zilezile kwa sura mpya: pasipoti, cheti cha uandikishaji, usajili wa anwani, bima ya afya, ushahidi wa pesa, picha, na ada ya yuro 100.

Viza ikikaribia kuisha na kadi haijatoka, omba hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung, ada yake yuro 13. Hakikisha kisanduku kilichotiwa alama ni cha aya ya 4 ya kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi. Hicho ndicho kinachosema haki zako za zamani, pamoja na kufanya kazi, zinaendelea, na kinakuruhusu kutoka na kurudi. Kisanduku kingine kinaweza kukuacha nje ukienda nyumbani kuzika au kuoa.

Kadi ikifika, itakuja na karatasi ya ziada yenye masharti. Usiitupe. Haki yako ya kazi imeandikwa humo, na mwajiri ataiomba.

## Hatua ya 9: Kazi, na jinsi ya kuhesabu siku

Tangu tarehe 1 Machi 2024 mwenye kibali cha kifungu cha 16b anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Zamani zilikuwa 120 na 240, na bado utakutana na watu, hata waajiri, wanaotaja tarakimu hizo.

Kazi ya hadi saa 4 ni nusu siku. Ikizidi saa 4, ni siku nzima, hata kama ni saa 4 na nusu. Kuna pia hesabu ya wiki: wiki ya muhula ambayo hukuzidi saa 20 inaweza kuhesabiwa kuwa siku 2.5 bila kujali ulizigawaje. Wakati wa likizo ya chuo, wiki huhesabiwa siku 2.5 hata ukifanya kazi muda wote. Kila wiki inachukuliwa hesabu iliyo nafuu kwako.

Tuone kwa mifano.

Amina anafanya kazi kwenye duka la mikate Jumamosi na Jumapili, saa 8 kila siku. Kwa hesabu ya siku ni 2 kwa wiki, mwaka mzima 104. Kwa hesabu ya wiki ingekuwa 2.5, yaani 130. Anahesabiwa kwa siku, na zinabaki 36.

Baraka anafanya siku 3 kwa wiki, saa 5 kila siku. Ni saa 15 tu, lakini kwa hesabu ya siku ni siku 3 nzima, na mwaka ungekuwa 156, amevuka. Hesabu ya wiki ndiyo inayomwokoa: siku 2.5 mara wiki 52 ni 130. Lakini wiki ya muhula atakayokubali zamu ya ziada akafika saa 21, ulinzi huo unaondoka kwa wiki hiyo.

Kazi za chuoni kwenyewe, kama msaidizi wa utafiti au maktaba, hazihesabiwi kwenye siku 140. Mafunzo kwa vitendo ambayo ni sehemu ya lazima ya kozi nayo hayaingii. Kwa maoni yangu kazi ya chuo ndiyo ya kuitafuta kwanza, hata mshahara ukiwa mdogo: haili siku zako na profesa anakujua.

Saa 20 kwa wiki zina maana nyingine pia, na watu huzichanganya. Hiyo ni kanuni ya bima ya jamii. Ukibaki ndani ya saa 20 wakati wa muhula unahesabiwa mwanafunzi mfanyakazi, Werkstudent, na unakatwa mchango wa pensheni tu, asilimia 9.3. Ukizidi, makato yote ya mfanyakazi wa kawaida yanakuja, na bima yako ya bei ya mwanafunzi inatikisika.

Kima cha chini cha mshahara ni yuro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Kazi ndogo, Minijob, ina kikomo cha yuro 603 kwa mwezi, kama saa 43 hivi.

Visivyoruhusiwa, na ndivyo vinavyoharibu vibali:

Kujiajiri bila ruhusa. Kibali kinaruhusu kuajiriwa. Kupiga picha harusini kwa ankara yako, kubuni tovuti kwa wateja, na zile kazi za kuandika mtandaoni ambazo Wakenya wengi wamezizoea, ni kujiajiri. Unaomba ruhusa kwa ofisi ya wageni kwanza, na mara nyingi hutolewa pale kazi isipogongana na masomo.

Kutumia akaunti ya mtu kwenye programu za kupeleka chakula. Ajali ikitokea huna bima, na jina linalolipwa si lako.

Kazi ya mkononi bila mkataba. Idara ya forodha ya Ujerumani ndiyo inayokagua ajira haramu, huingia jikoni mwa migahawa na kwenye maeneo ya ujenzi bila hodi, na humwuliza kila mtu karatasi zake. Bosi atalipa faini. Wewe utaulizwa kuhusu kibali.

Weka daftari au jedwali kwenye simu: tarehe, saa, mwajiri, siku nzima au nusu. Ukiwa na waajiri wawili, hakuna anayejumlisha kwa niaba yako.

## Hatua ya 10: Makato ya mshahara

Mpe mwajiri namba ya kodi mapema. Asipokuwa nayo, au ukiwa na kazi ya pili, unaweza kuwekwa daraja la VI la kodi, ambalo hukata tangu yuro ya kwanza. Kipato kisichotozwa kodi kwa 2026 ni yuro 12,348. Ukibaki chini ya hapo na ukakatwa kodi, jaza ritani kwa ELSTER, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Ujerumani, mwaka unaofuata, unarudishiwa. Tunza kila hati ya mshahara. Zitakufaa pia unapoongeza muda wa kibali, maana hapo mshahara halisi unaweza kukubaliwa kuwa ushahidi wa pesa.

Kwenye kuongeza muda wataangalia pia maendeleo ya masomo. Aliyefanya kazi sana akafaulu mitihani miwili kwa mwaka atakuwa na maelezo ya kutoa.

## Hatua ya 11: Baada ya mtihani wa mwisho

Mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kupata kibali cha kutafuta ajira cha miezi 18, na ndani yake unaruhusiwa kufanya kazi yoyote, bila hesabu ya siku. Kiombe kabla kibali cha mwanafunzi hakijaisha, ukiwa na cheti au barua ya chuo inayothibitisha umemaliza, bima, na pesa za kujikimu. Hakiongezwi, kwa hiyo usikimbilie kukichukua kama tayari una mkataba wa kazi inayolingana na shahada yako. Omba moja kwa moja kibali cha kazi.

Kwa kadi ya bluu ya Ulaya, yaani kibali cha kazi cha wataalamu wenye shahada, mshahara wa mwaka unaotakiwa kwa 2026 ni yuro 50,700, na kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita au walio kwenye fani zenye uhaba ni yuro 45,934.20. Mkataba ukiwa chini ya hapo, bado kuna kibali cha kawaida cha mtaalamu mwenye shahada, kifungu cha 18b.

Mpaka ofisi ya wageni ikupe hati mpya, masharti ya siku 140 bado yapo juu yako. Mwajiri akitaka uanze kazi ya muda wote Jumatatu, mwonyeshe karatasi uliyonayo na mwambie asubiri, au aiandikie ofisi barua ya kuharakisha. Mara nyingi barua ya mwajiri husogeza faili kuliko barua pepe zako kumi.